Shimo Lililokubali Mwaliko

Shimo lilifika Jumamosi asubuhi, Mama Kifusi akiwa uani anafua ovaroli zake. Ovaroli za kazi yake hazifuliki kwa pupa. Kwanza huanikwa kavukavu zikapigwa fimbo mpaka vumbi la saruji litoke, ndipo ziingie kwenye beseni. La sivyo vumbi hulowana, likaganda, na kesho yake mtu huvaa ukuta. Alikuwa amemaliza kupiga, ameloweka suruali ya kwanza, anapapasa sabuni iliyoteleza chini ya beseni. Alipoinua kichwa akaliona limekaa kati ya kamba ya nguo na banda la mkaa. Lilikuwa limejikunja likaenea uani, upana wa chumba cha kawaida tu, kwa adabu ya mgeni anayekaa ukingoni mwa kiti. Kina hakikuwa kimepungua.

Alilitambua mara moja. Ukuta wake wa magharibi ulikuwa na ule mstari mweusi unaokata jiwe la kijivu, na juu ya mstari kulikuwa na matundu ya kutegea baruti, yamepangwa mawili mawili, kazi ya mumewe. Mama Kifusi akalisalimu. Akalisogeza beseni pembeni ili maji machafu yasitiririkie ndani, kisha akaingia jikoni kumwambia mama mkwe wake.

"Mama, shimo limekuja."

"Lipi?" akauliza Bibi, bila kuacha kuchambua maharage.

"La machimboni."

"Limekuja peke yake?"

"Sijui. Sijauliza."

Bibi akaweka ungo chini, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikuwa la Mama Kifusi mwenyewe. Tangu machimbo yafungwe, kila jioni akitoka kazini alipitia kule, akasimama nje ya uzio wa waya, akampa mumewe habari za siku. Ijumaa ile alikuwa amechoka hasa. Alipogeuka kuondoka, ulimi ukatamka wenyewe kile ambacho ulimi wa mtu aliyelelewa hutamka kila anapoagana na mwenzake: "Haya, karibu nyumbani." Ni maneno ya mdomoni. Watu huyasema sokoni, hospitalini, hata kwa wasiowapenda, na mtu akiyachukulia kweli akatokea mlangoni na begi lake, wenyeji hutazamana. Lakini shimo halikujua mambo hayo ya watu. Liliambiwa karibu, likaja.

Jina la Mama Kifusi lilitokana na kazi. Aliajiriwa kwenye uwanja wa kifusi wa halmashauri, ambako malori humwaga nyumba zilizobomolewa. Yeye na wenzake huichambua nyumba mpaka iishe: nondo huku, mbao kule, vioo, nyaya, vigae. Kinachobaki, tofali na zege tupu, huingia kwenye mashine ya kusaga kikatoka kokoto, na kokoto hizo hujenga nyumba nyingine. Mumewe alikuwa mpiga baruti machimboni. Siku walipooana watu waliwatania kwamba huyu anabomoa mlima na yule anabomoa nyumba, sijui watalala wapi. Wenyewe walikuwa na utani wao. "Mimi natoa," mume alikuwa akisema akivua viatu mlangoni, "wewe unarudisha." Naye alimjibu kwamba kila tani anayorudisha yeye ni baruti moja ambayo bwana hana haja ya kuitega, basi akae nyumbani apike.

Machimboni kulikuwa na utaratibu. Kabla ya kulipua, mpiga baruti alipuliza filimbi, akasimama ukingoni, akaita kuelekea chini: "Kuna mtu?" Halafu akangoja. Aliyekuwa bado chini aliitika "Nipo!" na baruti ikasubiri mpaka apande. Mumewe Mama Kifusi alingoja kwa muda mrefu kiasi kwamba msimamizi alimpachika jina la Mzee Subira, na hakuna aliyewahi kuumia mikononi mwake. Siku ile baruti moja iligoma kulipuka. Akashuka yeye kuikagua, na filimbi ikabaki kwa msimamizi. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Msimamizi akapuliza, akauliza "Kuna mtu?", akabonyeza. Ukuta wa mashariki ukashuka wote.

Uchunguzi ulifanyika, ukaona kwamba swali liliulizwa inavyotakiwa. Kampuni ikaleta nyumbani kofia yake ngumu na kopo lake la chakula, ikaeleza kwa masikitiko kwamba mwamba haujatulia na mwili hauwezi kutolewa. Ikaweka uzio, ikahamia mlima mwingine.

Mama Kifusi hakutaka makubwa. Alitaka mumewe atolewe humo, azikwe mahali ambapo mama yake anaweza kufika kwa magoti aliyo nayo. Hilo tu ndilo lililomnyima usingizi, mengine alishayazoea.

Ndipo ukaja mpango wa taka. Dampo la zamani lilikuwa limejaa hata kunguru waliosimama juu yake walikuwa usawa wa nyaya za umeme. Afisa mipango wa halmashauri, kijana mpole mwenye miwani ambaye watu walimwita Bwana Mipango, akaitisha mkutano ukumbini. Akaeleza kwamba mji umetoa mawe shimoni, sasa utarudisha taka shimoni, na huo ndio mzunguko. Akauliza nani ana maoni. Mama Kifusi akasimama, akasema humo kuna mtu. Akasema atolewe kwanza, kisha shimo lijazwe kifusi safi, na yeye yuko tayari kukichambua kwa mikono yake hata baada ya saa za kazi. Ukumbi ukampigia makofi. Bwana Mipango akamshukuru sana, akasema maoni yamepokelewa, na mkutano ukaendelea na habari za choo cha soko. Baada ya siku chache bango likapigiliwa kwenye uzio wa machimbo: hapa patakuwa dampo jipya, wananchi wameshirikishwa.

Kwa hiyo ukilitazama kwa haki, shimo nalo lilikuwa na sababu ya kuhama.

Bibi alitoka jikoni akiburuta kigoda, akakiweka karibu na ukingo, akakaa. Hakuwahi kufika machimboni hata siku moja. Akainama mbele kidogo, akaita, si kwa kelele, ila kama mtu anayemwita mtoto aliye chumba cha pili.

"Kuna mtu?"

Wakangoja. Povu lilikuwa linapasuka taratibu kwenye beseni.

"Nipo," ikasema sauti kutoka chini.

Bibi akatikisa kichwa kuonyesha kuridhika. "Nilimfundisha kuitika akiitwa," akamwambia mkwewe. "Ndugu zake utawaita mpaka ukauke koo, wanajifanya hawasikii. Huyu hapana." Kisha akalia, na Mama Kifusi akakaa chini kando ya kigoda akalia naye. Suruali ikabaki kwenye maji mpaka mchana.

Kesho yake wakamwita Fundi Visima, mtu mfupi mwenye maneno mengi, aliyechimba karibu visima vyote vya mtaa ule. Alilizunguka shimo mikono nyuma, akasifu kuta zake, akauliza nani amelichimba. Alipoambiwa ni mgeni, akacheka.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Lakini huyu, dada, ukimpa jembe ndiyo anaongezeka."

Akafunga kamba kwenye nguzo ya banda, akashuka na taa. Walimsikia akiongea chini kwa muda, akinyamaza, akiongea tena. Alipopanda hakuwa na utani.

"Yuko nyuma ya bamba moja la mwamba," akasema, akijipangusa uso. "Amenisalimu. Ameuliza kama mama bado anasumbuliwa na magoti."

"Mwambie yanasumbua," Bibi akasema.

"Nimemwambia. Nikipata wenzangu wawili na nyundo za kutosha, tunamfikia wiki hii hii."

"Basi anza, kaka," Mama Kifusi akasema. "Unangoja nini?"

Fundi Visima akakunja kamba yake polepole. "Nianzeje, dada? Mimi nachimba maji. Kupasua mwamba ni kuchimba madini, na jiwe ni la serikali. Nikikutwa bila kibali wanabeba vifaa vyangu vyote, wananibeba na mimi. Niletee kibali, hata usiku nitachimba."

Jumatatu Mama Kifusi akaomba ruhusa kazini, akaenda halmashauri. Njiani alipitia machimboni. Palikuwa tambarare, majani mafupi ya kijani, na uzio wa waya ukilinda uwanja mtupu. Wapima ardhi walikuwa wameshapigilia vigingi vyeupe. Akamuuliza mmoja wao kama mtu wa kawaida anaweza kuomba kiwanja hapo, walau cha kaburi. Mpima ardhi akasema vimekwisha, mama, wakubwa waliwahi asubuhi.

Bwana Mipango alimvutia kiti yeye mwenyewe. Akamletea maji ya kunywa.

"Nimesikia una mgeni, mama yangu. Pole na hongera."

"Asante, mwanangu. Nimekuja kuomba kibali. Fundi yupo tayari, mume wangu yuko nyuma ya bamba moja tu."

Bwana Mipango akavua miwani, akaifuta kwa tai. Alisikitika, na masikitiko yake hayakuwa ya kuigiza; ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia. Akaeleza kwamba haki ya kuchimba katika shimo lile bado ni ya kampuni. Kampuni imeshaondoka, kwa hiyo haiwezi kuitumia, lakini haijairudisha, kwa hiyo haiwezi kupewa mtu mwingine. Shimo kuhama hakubadilishi hilo. Kuchimba humo hakuwezekani kwa mtu yeyote.

"Na kutupa taka humo?"

"Hapo hakuna shida," akasema, kwa wepesi wa mtu aliyeulizwa swali analoliweza. "Kutupa si kuchimba. Hakuhitaji kibali cha madini."

"Lakini sasa shimo liko uani kwangu."

"Ndiyo, mama. Tumelijadili asubuhi. Mpango ni wa shimo, na popote shimo lilipo mpango upo. Tutajitahidi tusikusumbue."

Mama Kifusi akaitazama meza iliyokuwa kati yao. Alitaka kuipiga meza ile, na mkono wake, uliozoea kuvunja zege, ungeweza kuipasua. Akauweka mapajani.

"Mwanangu, nisikilize. Humo kuna mtu. Anaongea. Amemuulizia mama yake magoti."

"Najua, mama. Hakuna anayebisha. Ndiyo sababu hatutamwaga ovyo." Akavaa miwani, akavuta kiti karibu. "Hebu nieleze. Kule machimboni walikuwa na utaratibu gani wa usalama?"

Akamweleza: filimbi, mtu kusimama ukingoni, kuuliza, kungoja. Akasisitiza kungoja. Alisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akingoja mpaka wapakiaji wanapiga miayo. Bwana Mipango alimsikiliza kwa makini, akasema huo ni utaratibu mzuri na utafuatwa bila kupunguzwa hata nukta. Mama Kifusi akarudi nyumbani na matumaini. Alimwambia Bibi kwamba sasa watauliza, na wakishaitikiwa watakuwa hawana la kufanya ila kuondoka.

Siku iliyofuata wakabomoa ukuta wa uani ili malori yapite. Ukuta wenyewe ukapakiwa, ukapelekwa kwenye uwanja wa kifusi, na mchana Mama Kifusi akakutana nao kazini. Akauchambua kama kuta nyingine. Aliiona ile tofali ambayo mumewe aliichora tarehe ya ndoa yao kwa msumari, akaigeuzageuza mikononi, kisha akaipeleka kwenye mashine, maana ilikuwa tofali safi na wenzake walikuwa wanamngoja. Jioni akaambiwa kwamba halmashauri, kwa kumjali, imehamishia kituo chake cha kazi nyumbani. Atakuwa anachambua palepale ukingoni.

Lori la kwanza lilikuja na Bwana Mipango mwenyewe, amevaa viatu vya mpira. Fundi Visima alikuwepo. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake na hakukubali kukisogeza. Dereva, mtu mnene mwenye haya, alizima injini kama alivyoagizwa, akashuka, akapuliza filimbi, akasimama ukingoni.

"Kuna mtu?"

"Nipo!" sauti ikajibu, wazi kabisa, hata waliokuwa barabarani waliisikia.

Dereva akageuka. "Ameitika, bosi."

"Nimemsikia," Bwana Mipango akasema. "Vizuri. Mwaga."

Fundi Visima alitazama viatu vyake. Ni Bibi aliyefungua mdomo.

"Wewe baba," akasema, "ukipiga hodi kwa mtu, ukajibiwa kwamba yupo, huwa unafanyaje?"

"Bibi, sisi si kama kampuni," Bwana Mipango akasema kwa upole. "Kampuni haikungoja jibu. Sisi tumengoja. Na nimewaagiza madereva wote: pasipo jibu, asimwage mtu. Kimya maana yake utaratibu haujakamilika, na gari lirudi na mzigo wake." Akamgeukia dereva. "Lakini leo umekamilika."

Dereva akasema samahani, haikujulikana kwa nani, akapanda, akainua bodi. Zikashuka nepi, maganda, chupa, godoro lililooza, televisheni isiyo na mgongo. Zilichukua muda mrefu kufika chini.

Bibi alijaribu kulifukuza shimo. Alilisemesha asubuhi na mapema, kwa lugha nzuri, akaliambia baba, nenda zako, huku nako wamekufuata, usituone wabaya. Halikuondoka. Labda kwa sababu mgeni haondoki msibani kabla ya kuzika. Labda halikuwa na pa kwenda, maana pale lilipotoka nyumba zilikuwa zimeshaanza kuinuka, za ghorofa, kwa kokoto kutoka uwanja wa kifusi.

Basi wakazoea. Malori yalikuja asubuhi, yakauliza, yakajibiwa, yakamwaga. Mama Kifusi alisimama ukingoni na reki na glavu, akipekua kila mzigo kabla haujasukumwa. Alitoa vyuma na plastiki, kama kazi ilivyotaka. Vioo alivitoa hata vile visivyo na soko, vipande vidogo vidogo, akiviokota kimoja kimoja mpaka madereva wanapiga honi, kwa sababu hakutaka chochote chenye ncha kishuke kule. Magodoro aliyasukuma kwanza. Mchana, malori yakiwa yameenda kula, Bibi alimsimulia mwanawe habari za mtaa, nani ameoa, nani amehama, bei ya maharage ilivyo, naye aliitika pale palipohitaji kuitikiwa.

Sauti ilikuwa inafifia. Haikufifia kwa siku moja. Mwanzo ilikuwa kama ya mtu aliye chini ya ngazi, halafu kama ya mtu aliyejifunika blanketi, halafu ikawa lazima dereva azime injini na redio na kuwaomba wapita njia wanyamaze. Bibi alisema ni masikio yake yanazeeka. Mama Kifusi alikubali kwamba ni masikio.

Asubuhi moja ya mawingu, dereva mnene akazima injini, akapuliza filimbi, akasimama ukingoni.

"Kuna mtu?"

Wakangoja. Mfuko wa nailoni ulikuwa unapepea juu ya takataka, ukatulia. Dereva akauliza tena, mikono ameizungushia mdomo. Nyuma yake foleni ya malori ilikuwa imeanza kujipanga kuelekea barabarani, na hakuna aliyepiga honi.

"Leo kimya, mama," akasema hatimaye. Akavua kofia. "Mimi siwezi kumwaga. Bwana Mipango alisema pasipo jibu turudi na mizigo yetu, na dampo lifungwe mpaka wajadili upya."

Mama Kifusi alikuwa ameinama na kipande cha kioo mkononi. Hilo ndilo aliloliomba ukumbini, na ofisini, na usiku mwingi baada ya hapo: malori yageuke, yaondoke, yasirudi. Dereva alikuwa tayari ameshika mlango wa gari. Ilibaki yeye kunyamaza tu.

Bibi akageuka kwenye kigoda chake. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko jana.

"Mbona haitiki?" akauliza. "Mwanangu huitika. Mkwe wangu, mbona haitiki?"

Mama Kifusi akamtazama. Akatazama shimo, ambalo sasa lilikuwa limebakiza kina cha mtu kusimama.

"Yupo!" akaita kwa nguvu zake zote. "Yupo, nimemsikia mimi!"

Bibi akashusha pumzi, akajiweka sawa kwenye kigoda. Dereva akavaa kofia yake, akamshukuru, akamwaga.